Sarafu yangu imekaa kiajabu: ni kosa la kiwandani au imeharibika tu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa Dar, mmoja kapewa chenji na konda akaona Karume amekaa upande, mwingine kafungua kibubu cha bibi yake huko Mbagala kakuta shilingi ya zamani haina tarehe, mwingine ameona video ya jamaa anasema sarafu yenye kasoro inauzwa milioni mia basi akaanza kupekua droo zote za nyumba. Majibu ni yale yale ninayowapa watu tukikaa kibarazani. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja, nalo ni hili: hicho unachokiona kwenye sarafu, mashine ya kugonga sarafu ingeweza kukifanya? Kama haiwezi basi kimefanyika mtaani, na cha mtaani hakina bei.

Naanzia wapi? Mbona kila mtu ananiambia nijue kwanza sarafu inatengenezwaje?

Kwa sababu bila hilo utabaki kubahatisha. Iko hivi. Chuma kinakuja kikiwa bapa refu, mashine inakikata vipande vya duara, kama mama anavyokata maandazi kwa mdomo wa glasi, na yanayobaki yanarudi kuyeyushwa. Vile vipande vitupu vinapitishwa kwenye mashine nyingine inayobana pembeni mpaka ukingo unainuka kidogo. Halafu kipande kinaingia kati ya mihuri miwili, wa chini na wa juu, kikiwa kimezungukwa na pete ya chuma inayozuia kisitanuke, mihuri inakutana kwa nguvu ya tani nyingi, mara moja tu, sarafu inaruka nje na kingine kinaingia. Mashine za siku hizi zinagonga mamia kwa dakika moja, hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Kwa hiyo kosa la kweli linatoka sehemu tatu basi. Ama kipande kilikuwa na shida kabla hakijagongwa, ama muhuri wenyewe una shida, ama kugongwa kwenyewe kulienda kombo. Ukiletewa sarafu jiulize ni ipi kati ya hizo tatu. Ukikosa jibu, weka mfukoni kanunue vocha.

Na kwa kuwa hili nalo huulizwa: hapana, Tanzania haina kiwanda cha kugonga sarafu, zetu zinagongwa nje kwa oda ya Benki Kuu. Zile za mwanzo kabisa za 1966, senti 5 ya samaki, senti 20 ya mbuni, sumuni ya sungura na shilingi ya mwenge, ziligongwa kwenye kiwanda cha Royal Mint, Uingereza. Viwanda hivyo vinagongea nchi nyingi kwa pamoja, kumbuka hilo, tutalihitaji huko chini.

Ninunue vifaa gani?

Vichache. Lenzi ya sonara inayokuza mara kumi, mizani ndogo ya kidijitali inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu (ile ile wanayopimia dhahabu, Kariakoo zimejaa), sumaku ya spika mbovu, na rula au kipimo cha venia kama kuna fundi jirani atakuazima. Cha tano ni muhimu kuliko vyote na ni bure: sarafu nyingine ya aina hiyo hiyo na mwaka huo huo, iliyo nzima, ya kulinganishia. Watu wanaruka hapa halafu wanakuja mbio kuuliza mbona kwenye mia mbili yangu kuna alama hii, kumbe alama ipo kwenye mia mbili zote nchini.

Uzito na kipenyo rasmi utavipata kwenye katalogi. Numista ni bure mtandaoni na sarafu za Tanzania ziko humo karibu zote, na picha.

Nimeisafisha kwanza ili nione vizuri, ni sawa?

Usisafishe! Sio kwa limao, sio kwa majivu, sio kwa dawa ya meno, sio kwa ile dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba. Mnunuzi anataka ngozi ya asili ya sarafu, na ukishaikwangua hairudi. Kama ina matope, maji ya kawaida, ikaukie kwenye kitambaa laini bila kusugua, basi. Na ishike pembeni, mafuta ya vidole yanaacha alama.

Sarafu yangu ya 200 herufi zinaonekana mbili mbili. Nimepata ile ya muhuri uliochongwa mara mbili?

Hili ndilo linaloongoza kwa kuulizwa, kwa hiyo nakaa hapa kidogo.

Kuna herufi mbili mbili za aina tatu. Ya kwanza ndiyo yenye pesa: muhuri wenyewe, wakati unatengenezwa, ulipokea picha mara mbili na mara ya pili ukasogea kidogo, kwa hiyo kila sarafu iliyotoka kwenye muhuri huo ina picha mbili. Senti moja ya Marekani ya 1955 ndiyo maarufu, tarehe na maandishi yanaonekana mawili hata bila lenzi. Ya pili ni mtikisiko: muhuri ulilegea, baada ya kugonga ukateleza kidogo juu ya sarafu na kusukuma chuma. Ya tatu ni muhuri uliochoka, umegonga sana mpaka kingo za herufi zimevimba na kuwa na ukungu.

Hizo mbili za mwisho hazina thamani, zipo kila mahali, na ndizo watu wengi wanazo.

Kutofautisha, chukua lenzi, kaa dirishani mwanga uje kwa pembeni sio kwa juu. Angalia herufi moja tu, tuseme ile A ya TANZANIA. Kama ni muhuri uliochongwa mara mbili, utaona herufi mbili kila moja imenyanyuka na ina mgongo wake wa mviringo, na kwenye pembe kuna kama mkato mdogo pale zinapoachana. Kama ni mtikisiko, utaona kitu bapa kama ngazi kimelala pembeni ya herufi, kinang'aa, kiko chini, na herufi yenyewe imekondeana kwa sababu chuma kilichofanya ile ngazi kimechukuliwa kwake. Hapo ndipo pa kuangalia, herufi imenenepa au imekonda? Ikikonda, pole. Na kama ni ukungu ukungu tu hakuna mstari wowote mkali basi muhuri ulikuwa mzee.

Nilishawahi kuletewa mia mbili moja na kijana wa bodaboda, ameikunja kwenye tishu tatu, anasema ameambiwa na mtu wa Ilala ni milioni nne. Chini ya lenzi ile ngazi ilikuwa inawaka kama kioo, upande mmoja tu wa kila herufi, zote zimeelekea kushoto, ni mtikisiko wa kitabu kabisa. Alinuna, ila alipolinganisha na mia mbili nyingine mbili alizokuwa nazo mfukoni akakuta na moja ya hizo iko hivyo hivyo.

Picha haiko katikati, imesogea upande mmoja. Hiyo je?

Hiyo inaweza kuwa ya kweli, tena ni katika makosa yanayopendwa. Kipande hakikukaa sawa kwenye mashine, muhuri ukagonga pembeni, sehemu ya picha ikakatika na upande wa pili kukabaki chuma kitupu chenye umbo la mwezi mchanga. Angalia mambo mawili: pande zote mbili lazima ziwe zimesogea kwa namna inayolingana, na ile sehemu tupu iwe laini ya asili, isiwe na mikwaruzo ya msasa.

Thamani inategemea imesogea kiasi gani. Ikisogea kidogo tu, ukingo upande mmoja mnene na upande wa pili mwembamba, hiyo haina soko. Ikisogea nusu halafu mwaka bado unasomeka, hapo wakusanyaji wanaamka, manake mwaka ndio unaowaambia ni sarafu ipi.

Ndugu yake ni ile iliyogongwa bila pete. Picha iko katikati lakini sarafu imetanuka, imekuwa pana na nyembamba kuliko wenzake, na pembeni hakuna mistari. Ipime: uzito unatakiwa uwe ule ule wa kawaida. Kama imetanuka na uzito ni sawa ila picha imebondeka, basi imegongwa nyundo au imewekwa kwenye reli. Watoto wa Buguruni na Vingunguti wamechezea sana reli, tusidanganyane.

Imekatwa kipande pembeni, kama imeng'atwa.

Rudi kwenye yale maandazi. Kisu kikishuka mahali ambapo pameshakatwa tayari, kipande kinatoka na mng'ato wa mviringo. Ni kosa halali na linajulikana. Lakini mng'ato unaweza kuufanya mwenyewe kwa tupa kwa dakika tano, kwa hiyo hapa ndipo pa kuwa mkali.

Ukweli unajionyesha upande wa pili wa sarafu, mkabala na mng'ato. Kumbuka ile mashine ya kuinua ukingo inabana kipande kwa pande zote mbili, sasa upande ule ulioliwa hakuna cha kubana, kwa hiyo na upande wa mkabala ukingo hauinuki vizuri. Ukiangalia sarafu ya kweli utakuta ukingo umefifia hasa pale mkabala, mara nyingi kabisa haupo. Matapeli wengi hawalijui hilo. Pia herufi zilizo karibu na mng'ato zinakuwa zimevutika na kufifia taratibu kwa sababu chuma kilitiririka kuelekea uwazi, wakati ya tupa herufi inakatwa katikati kwa ukali kabisa, nusu ipo nusu haipo, na lenzi inakuonyesha mistari ya tupa.

Halafu pima. Kama imepungua, kiasi kilichopungua kiendane na ukubwa wa mng'ato.

Upande mmoja una picha iliyogeuzwa, imezama ndani kama kwenye kioo.

Ikiwa ya kweli, shikilia vizuri. Inatokea sarafu iliyogongwa ikinasa kwenye muhuri, kipande kinachofuata kikigongwa kinapokea picha ya sarafu ile badala ya picha ya muhuri, kwa hiyo inatoka imegeuka na imezama. Wakusanyaji wanaiita brokeji. Upande wa pili unatakiwa uwe wa kawaida kabisa, mzima, mkali.

Ya kughushi inatengenezwa kwa jiliwa: sarafu mbili zinawekwa pamoja zinabanwa au zinapigwa nyundo. Utaijua kwa sababu chini ya picha iliyozama bado kuna mabaki ya picha ya zamani yaliyolazwa, na upande wa pili nao umebondeka. Brokeji haina picha ya zamani chini, ilikuwa kipande kitupu.

Sarafu yangu ina vichwa pande zote mbili!

Ya mchezo wa kiini macho. Karibu zote. Zinachongwa kwenye mashine ya kukerezea, moja inatobolewa ndani na nyingine inapunguzwa inaingizwa humo. Pitisha ukucha ndani ya ukingo utasikia mshono, au iangushe kwenye sakafu ya simenti usikilize, mlio wake ni mfu. Kwenye mashine nyingi muhuri wa juu na wa chini havina umbo moja, huwezi kufunga vichwa viwili kwa bahati mbaya.

Kinachotokea kweli, japo mara chache sana, ni mihuri miwili isiyo ya pamoja kufungwa pamoja. Uingereza mwaka 2008 walibadilisha picha za sarafu zao, mwaka ukahamishwa kutoka upande mmoja kwenda wa pili, wakati wa kugonga peni 20 muhuri mpya ukafungwa na muhuri wa zamani, sarafu zikatoka hazina mwaka upande wowote. Ni kosa la kiwandani lisilo na ubishi na bado zinauzwa makumi ya pauni tu, sio mamilioni.

Nikiigeuza, mnyama yuko kichwa chini.

Linganisha na ya aina hiyo hiyo kwanza. Za Marekani zimetengenezwa hivyo zote, ukigeuza kama ukurasa wa kitabu upande wa pili uko kichwa chini, na watu wa hapa wakipewa robo dola na mtalii wanadhani wameokota dhahabu. Kama ni shilingi yetu na wenzake wote wanakaa sawa ila hii imezunguka nusu nzima, hapo muhuri ulizunguka kweli na ina wapenzi wake. Ikizunguka kidogo kama dakika mbili za saa ya ukutani, achana nayo.

Rangi yake sio ya kawaida, mia yangu imekuwa nyekundu au nyeusi au fedha.

Tisa kwa kumi ni moto, kemikali au chumvi. Sarafu inayokaa kwenye mchanga wa Coco au kwenye maji ya betri inabadilika vibaya. Nyingi za siku hizi ni chuma cha kawaida kilichopakwa chuma kingine juu, ngozi ikitoka kinaonekana cha ndani na kutu inaanza. Vimalengelenge vidogo juu ya ngozi ni kasoro ya upakaji, ni ya kiwandani ndiyo, ila hakuna anayelipia.

Yenye maana ni sarafu iliyogongwa kwenye kipande kisicho chake. Nilisema viwanda vile vinagongea nchi nyingi, basi kipande cha nchi nyingine au cha thamani nyingine kikibaki kwenye pipa kinaweza kuingia kwenye mashine ya kwetu. Hapo mizani inaongea: uzito hauendani na sarafu hiyo lakini unaendana na sarafu nyingine inayojulikana, na kama kipande kilikuwa kidogo maandishi ya pembeni yanakuwa yamekatika. Sumaku nayo inasaidia ila uwe makini, chuma hubadilishwa kadiri miaka inavyokwenda hata kwa sarafu ile ile. Shilingi moja ya miaka ya 60 na 70 sumaku haiishiki, zile za mwishoni mwa miaka ya 80 inazishika, na zote ni halali.

Mfano wa duniani ni senti moja ya Marekani ya 1943. Mwaka huo shaba ilienda vitani wakagonga senti za chuma kilichopakwa zinki, lakini vipande vichache vya shaba vilibaki vikagongwa. Moja iliuzwa dola milioni 1.7 mwaka 2010. Na ndiyo inayoghushiwa kuliko zote, watu wanapaka shaba ile ya chuma, ukisogeza sumaku inaruka kuishika. Kipimo cha shilingi mia tano kinakuokoa na hasara ya mamilioni.

Ina tundu katikati / haina tundu katikati.

Zile za Afrika Mashariki za wakoloni, senti 5 na senti 10, zilikuwa na tundu, ni kawaida yake. Iliyotoka bila tundu ni kosa zuri, ila angalia isiwe tundu limezibwa, lenzi itakuonyesha duara la mazibio. Shilingi za sasa zenye tundu ni fundi alitaka washa, au mtu alitaka kidani.

Na wale wa senti 10 ya 1936 yenye jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyeachia kiti Desemba mwaka huo kabla hata ya kuvishwa taji. Ni kweli sarafu zenye picha yake ni adimu sana, ila hizi zenye tundu hazikuwa na picha, zilishagongwa nyingi na kutumika huku kwetu. Kila mzee ana moja. Sio kosa, na sio adimu.

Nina hela ya Mjerumani imegongwa vibaya sana, picha imepinda, ina nyufa. Hiyo si kosa?

Soma chini ya mwaka. Kama ni 1916 na kuna herufi T, hiyo ni Tabora. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto, Waingereza wamefunga bahari, hela haziingii kutoka Ujerumani, basi wakaamua kugonga wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora kwa shaba yoyote iliyopatikana. Walitoa sarafu za hela 20 (hela hapo ni jina la pesa ya Mjerumani), za shaba nyekundu na za shaba njano, na ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo. Kazi ilifanywa haraka na mafundi wa treni, Wabelgiji wakaingia Tabora Septemba mwaka huo huo. Kwa hiyo zilizopinda, zilizofifia, zenye muhuri uliopasuka ndio hali yao ya kawaida, mkusanyaji anachoangalia kwenye hizo ni mchoro wa muhuri upo wa aina gani maana ilibadilishwa mara kadhaa, pamoja na rangi ya shaba. Iliyosogea sana kutoka katikati itaongeza bei ndiyo, lakini usiuze kama "kosa", uza kama Tabora.

Ile ya dhahabu ina nakala feki nyingi mno. Usinunue wala usishangilie mpaka sonara apime uzito na dhahabu yenyewe.

Kuna mtu mtandaoni ananunua sarafu ya 20 ya tembo kwa milioni kadhaa, ila anataka nitume kwanza hela ya usajili.

Tapeli. Sina cha kuongeza sana. Mnunuzi wa kweli anakulipa, wewe humlipi. Ukiambiwa kuna ada ya kupima, ada ya kibali, ada ya "mzungu kutoka Afrika Kusini", kata simu. Na wale wa rupia inayovuta punje za mchele, yenye zebaki, yenye nguvu za kijini, ni wale wale wamebadilisha nguo. Wengine wanakuleteeni mpaka hotelini Sinza na begi, mnaonyeshwa kifaa kinalia, familia zinauza viwanja. Rupia ni rupia, haivuti kitu.

Sarafu ya ukumbusho ni kosa?

Hapana. Shilingi 20 ya kumbukumbu ya uhuru, 1961–1981, na zile za fedha na dhahabu za uhifadhi wa wanyama za 1974, zimetengenezwa hivyo makusudi. Zinaweza kuwa na bei lakini ni habari nyingine. Vivyo hivyo zile za Kenya mpya za wanyama zilizotoka 2018, hazina picha ya rais, sio kwamba kiwanda kimesahau.

Sawa, yangu imepita vipimo vyote. Ni shilingi ngapi?

Hapa ndipo watu wengi wanavunjika moyo, heri niseme mapema. Kosa la kweli halimaanishi hela nyingi. Bei inatoka kwa mnunuzi, na wanaokusanya makosa ya shilingi ya Tanzania ni wachache, wengi wako nje. Marekani sarafu yenye kosa la wastani ina watu wengi wanaoigombania, yetu labda watatu duniani, na wawili kati yao wanayo tayari. Ufa mdogo wa muhuri, herufi iliyofifia kwa sababu grisi iliziba muhuri, ngozi yenye malengelenge, hizo haziwezi kufikia hata nauli ya kuipeleka kwa mnunuzi. Yanayolipa ni makosa ambayo mtu asiye mtaalamu anayaona akiwa amesimama mlangoni: nusu ya picha haipo, brokeji, kipande cha nchi nyingine.

Ukitafuta bei usiangalie mtu anauza ngapi, mtu yeyote anaweza kuandika bei anayoota. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuchuja zilizokwisha kuuzwa, hizo ndizo bei. Zipo za nyumba za mnada pia, matokeo yao ya nyuma yako wazi.

Niipeleke wapi hapa Dar?

Kwa uzito na aina ya chuma, sonara yeyote unayemwamini. Kwa kosa lenyewe hapa mjini hakuna maabara ya hivyo. Benki watakupa thamani iliyoandikwa basi, mia ni mia. Maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe Zanzibar wananunua sarafu za zamani, ila bei yao ni ya kuuzia watalii na wao wanataka faida, nenda ukijua.

Mimi nashauri picha kwanza. Piga pande zote mbili na pembeni, mchana karibu na dirisha, bila flashi, weka rula kando, andika uzito. Tuma kwa nyumba za mnada kwa barua pepe au weka kwenye makundi ya wakusanyaji wa makosa, watakuambia bure, tena bila huruma. Wakikubaliana kwamba ni kitu ndio ufikirie kuituma Marekani kwa PCGS au NGC, kampuni za kukagua sarafu, ikathibitishwe na kufungwa kwenye kifuko chake cha plastiki ngumu. Ada yao, posta, bima na forodha vinakula hela, kwa hiyo kwa kosa la kawaida utatumia zaidi ya utakachopata.

Nimeokota sarafu za kale sana Kilwa, ndogo za shaba zenye Kiarabu.

Hizo usiziuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kuvichimba, kuviuza au kuvitoa nje bila kibali ni matatizo. Kumbuka ulipoziokota hasa, zipige picha pale pale, toa taarifa kwa watu wa Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert.

Naweza kuitengeneza mwenyewe iwe na kosa?

Kuharibu hela makusudi ni kosa la jinai, na kumuuzia mtu ukidanganya ni utapeli. Swali hili linaulizwa zaidi ya unavyodhani.

Niihifadhi vipi wakati natafuta mnunuzi?

Bahasha ndogo ya karatasi kavu, moja moja, andika juu yake kwa penseli umeipata wapi, lini, uzito gani. Sio kwenye vifuko laini vya plastiki vya albamu za picha, vile kwa joto letu vinatoa majimaji ya kijani yanayoganda juu ya sarafu. Weka mbali na jikoni na mbali na unyevu wa ukuta, kama nyumba iko karibu na bahari tia humo na kile kipakti cha chembechembe kinachokuja kwenye boksi la viatu vipya.